Nyumba ya mbao juu ya makoro (mawe ya lava), Keshero mjini Goma: nataka kuongeza bafu lenye choo cha ndani. Fosi (shimo la maji machafu) itakaa wapi?

DadaKeshero

Habari zenu wote. Naomba ushauri wa mafundi na wa yeyote anayeijua kazi hii.

Nyumba ni ya mbao, vyumba viwili na sebule, juu ya subasema (msingi) ya makoro. Sakafu iko sentimita 55 juu ya ardhi. Tuko watu 6, mmoja ni mama mzee ambaye magoti hayamruhusu tena kutoka usiku. Nataka bafu la mita 2 kwa 2.40, lenye choo cha kukaa, dushi na lavabo (beseni la kunawia), mlango ufungukie ndani ya nyumba.

Parseli (kiwanja) ina mteremko: toka ukuta wa nyuma hadi mwisho ni mita 17, ardhi inashuka sentimita 80. Ukichimba, sentimita 60 za kwanza ni mawe yaliyovunjika, halafu unagonga mwamba mtupu. Robine (bomba la maji) inatoa maji siku mbili tatu kwa wiki, kwa hiyo ninapanga tanki la lita 1000.

Nikate kona ya chumba au nijenge pembeni? Ukuta wa bloku unakaaje na wa mbao? Na fosi septiki inajengwaje mahali pasipochimbika?

MasoniNdosho

Dada, kona ya chumba iache. Mbao hukauka ikipigwa na mvua ya siku moja, lakini unyevu unaolala ndio unaoiua. Maji ya dushi yakipenya chini ya karo (vigae) yanakaa juu ya mbao za sakafu bila kuonekana, na ya kwanza kuoza ni ile mbao ya chini kabisa iliyobeba ukuta mzima. Siku utakayoona doa, ukuta umeshaanza kushuka.

Jenga nyuma, kwa semi-diri. Bloku za 15×20×40 zipande mita 1.20 pande tatu, juu yake mbao. Kona ya dushi iweke upande wa mbali na nyumba, na hapo tu bloku zifike mita 2. Upande wa nne, unaoelekea nyumba, pandisha mistari mitatu ya bloku kila upande wa mlango. Usiziegemeze kwenye mbao: acha nafasi ya sentimita 3 ili hewa ipite. Kwa hesabu hiyo unahitaji bloku 128. Nunua 140, maana nyingine huvunjika njiani.

Nyumba na bafu visifungwe pamoja kwa misumari wala vyuma. Mbao hujipinda, bloku haijipindi. Mitetemeko iliyofuata mlipuko wa volkano Nyiragongo wa Mei 2021 iliwakumbusha watu wa Goma jambo hilo: vitu viwili vya uzito tofauti vikishikana, kimoja hukipasua kingine. Pale juu funika ile nafasi kwa kipande cha manjanja (bati) kilichokunjwa, kishikiliwe upande wa nyumba peke yake.

Sakafu ya beto (zege) sentimita 10 juu ya mawe yaliyopangwa na kushindiliwa: simenti mifuko 4 ya kilo 50, mchanga karibu ndoo 11 za lita 20, kokoto ndoo 20. Kama kokoto ni yale mawe mepesi ya volkano yenye matundu, yaloweshe kwanza. Yakiwa makavu yanakunywa maji ya beto, na beto inabaki unga. Kwa kujenga, kupiga ripu (plasta) na shape (tabaka la simenti juu ya sakafu), weka mifuko 7 mingine.

Uso wa sakafu ya bafu uwe sentimita 5 chini ya sakafu ya nyumba, na uteremke kuelekea tundu la dushi sentimita 2 kila mita. Pale sakafu inapokutana na ukuta usiache pembe kali: zungushia simenti kama sahani, kwa sababu nyufa huanzia hapo.

Birere_Kijana

Mnamchosha dada wa watu. Makoro yanakunywa maji yenyewe! Tafuta ufa kwenye mwamba, elekeza tiyo (bomba) humo, funika. Hakuna kujaa wala kuita gari la kuvuta. Wengi wamefanya hivyo.

Usafi_na_Afya

Kijana, hilo ndilo lisilofaa hata kidogo, na sababu yake ni hiyo hiyo unayoisifu. Udongo hutuchujia uchafu kwa sababu maji hupita ndani yake polepole, na vijidudu vinakwama na kufa. Ufa wa makoro hauchuji chochote. Maji machafu hushuka kama kwenye bomba na kutokea chini kwenye chemchemi au ziwani, mahali watu wanapojaza bidoni. Kipindupindu katika mji huu hakitoki mbali. Shimo lisilojaa ni shimo linalomwaga kwa jirani.

Dada, fosi iwe na sakafu ya beto na kuta zisizovuja, halafu maji yanayotoka humo yapite kwenye mchanga kabla ya kuachiwa ardhini. Mchanga ndio utakuwa udongo ambao parseli yako haina.

DadaKeshero

Nimeelewa kuhusu ufa, na asante, maana masoni mmoja aliniambia nifanye kama anavyosema Birere_Kijana. Lakini hiyo fosi bado inahitaji kina. Kuvunja mwamba mita 2 sitaweza.

Mpimaji_Himbi

Hutavunja mita 2. Nyumba yako iko juu, na huo ndio utajiri wako. Tuhesabu kwa sentimita, sifuri ikiwa ardhi chini ya ukuta wa nyuma.

Sakafu ya bafu iko +50. Tiyo ya choo itoke ukutani kwenye +25. Fosi iwe mita 4 toka nyumba. Kwa mteremko wa sentimita 2 kila mita, tiyo inaingia kwenye +17. Inayotoka iwe chini ya inayoingia kwa sentimita 7, yaani +10. Sasa badala ya fosi fupi yenye kina, jenga ndefu yenye kina kidogo: ndani mita 3 kwa mita 1, maji yasimame mita 1. Hizo ni lita 3000, zinawatosha watu 6. Sehemu ya chini ya maji ni −90, na ardhi katikati ya fosi imeshashuka hadi karibu −25. Ukiongeza beto ya chini ya sentimita 10, unachimba sentimita 75. Sitini za kwanza ni mawe yaliyovunjika, kwa hiyo mwamba wa kugonga kwa nyundo na tindo ni sentimita 15 tu.

Sehemu iliyobaki itatokeza juu ya ardhi kama benchi kubwa. Hapo kuna hatari moja: ukuta uliozikwa unasaidiwa na ardhi, ulio juu unasukumwa na maji bila msaada. Kwa hiyo tumia bloku za 20, matundu yake yajazwe beto, nguzo 6 zenye chuma cha milimita 10, na mkanda wa beto juu. Andaa bloku 170. Ukuta wa kati uache mita 2 upande wa kuingia na mita 1 upande wa kutoka, na matundu yake yawe katikati ya kina cha maji: juu inaelea mafuta, chini inalala tope, na vyote viwili visivuke. Kwenye kuingia na kutoka weka te (kiungo cha T) ya milimita 110 inayozama sentimita 30 ndani ya maji.

Mifuniko iwe miwili ya sentimita 50 kwa 50, mmoja juu ya kila chumba. Ukiweka mmoja tu, chumba cha pili hakitaangaliwa kamwe.

Kabla ya kufunika, jaza maji, piga alama kwa msumari, rudi kesho yake saa ile ile. Ripu mpya hunywa kidogo siku ya kwanza, kwa hiyo jazia na upime tena siku ya pili. Yakishuka tena, fosi inavuja, irudie ripu ya ndani.

Usafi_na_Afya

Naongezea kitanda cha mchanga. Watu 6 wakitumia choo cha kumwaga na kuoga kwa uangalifu hutoa kama lita 240 kwa siku. Mchanga wa kuchuja maji ya fosi hubeba karibu lita 40 kwa siku kila mita ya mraba, basi unahitaji mita za mraba 6: upana 1.50, urefu 4, ukilazwa kukata mteremko. Uweke kwenye mita 13 hivi toka nyumba. Hapo ardhi iko −60, kwa hiyo unachimba sentimita 20 tu, na kuta zake ni makoro na simenti. Sakafu yake nayo iwe ya beto.

Chini kokoto sentimita 10, katikati mchanga sentimita 60, juu kokoto 10 yenye tiyo mbili zilizotobolewa, matundu ya milimita 8 kila sentimita 20. Mchanga ni mita za ujazo 3.6. Ule mweusi wa hapa unafaa, lakini uoshwe hadi maji yatoke safi. Vumbi lake likibaki, kitanda kinaziba, na hakuna dawa isipokuwa kuutoa wote. Funika kwa vibamba vya beto vilivyoinuliwa kidogo ili hewa iingie, maana mchanga bila hewa hunuka. Maji yanayotoka chini yapeleke kwenye mtaro wa migomba mwisho wa parseli. Majani na matunda sawa, lakini mboga za kuliwa mbichi zisipandwe hapo.

Plombie_Katindo

Nanyi mmesahau jambo la kwanza kabisa: nunua choo KABLA ya kumwaga beto. Vyoo vingine vinatoa nyuma, vingine chini, na umbali wa tundu toka ukutani hautoshani. Pima chako, weka tiyo, ndipo umwage. Beto ikishakauka, kosa la sentimita 5 ni siku nzima ya tindo.

Tiyo ya choo iwe ya 110, ya dushi 50, ya lavabo 40. Hakuna kude (kiungo cha kona) ya digrii 90 kwenye 110 iliyolala. Weka mbili za 45. Kila mahali tiyo inapogeuka jenga regari (kisanduku cha ukaguzi) ya sentimita 40×40. Mteremko usizidi sentimita 4 kila mita, maana maji hukimbia na kuacha vilivyo vizito nyuma. Na chini ya tiyo mwaga mchanga laini sentimita 10. PVC iliyolala juu ya ncha ya koro inatoboka polepole, na utajua siku nyasi za hapo zitakapokuwa za kijani kuliko zote.

Tiyo ya hewa lazima. Toa 110 ipande hadi sentimita 30 juu ya manjanja. Pasipo hiyo, ukimwaga choo maji yanavuta ya kwenye sifoni (mkunjo wa maji unaozuia harufu) ya dushi, utasikia glu-glu, na harufu yote inaingia ndani.

Tanki la lita 1000 lina zaidi ya tani moja likijaa. Lisikae juu ya ukuta wa bloku, sembuse wa mbao. Lijengee nguzo yake ya makoro, chini ya tanki iwe angalau mita 1.50 juu ya kichwa cha dushi, na tiyo ya kushukia iwe ya 25. Ukitumia nyembamba utaoga kwa matone.

Mpimaji_Himbi

Jambo zito, kwa kuwa uko Keshero: mazuku. Ile hewa ya kaboni inayotoka ardhini ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haionekani, na inajaa kwenye mabonde na mashimo, hasa usiku na alfajiri upepo ukitulia. Kwa hiyo mchimbaji asiingie shimoni asubuhi sana, asiwe peke yake, na afungwe kamba inayoshikwa na mtu aliye juu. Wengine hushusha mshumaa. Ukizimika, hakuna kuingia. Lakini ukiwaka usikupe moyo, maana hewa inaweza kumlewesha mtu kabla mshumaa haujazimika. Mwenzako akianguka, mvute kwa kamba, usimfuate.

Kwa sababu hiyo hiyo, bafu lisishushwe kamwe chini ya ardhi, na liwe na tundu la hewa chini ya mlango na dirisha la 60×40 upande wa pili. Parseli ikiwa karibu na mahali panapojulikana kwa mazuku, waulize watu wa OVG (kituo cha kuchunguza volkano cha Goma) kabla ya kuchimba.

DadaKeshero

Mungu awabariki. Hesabu ya +50 hadi −90 nimempigia masoni kwa simu, ameelewa. Mambo mawili yamebaki. Maji ya mvua ya paa naweza kuyaingiza kwenye tanki? Na dushi ya umeme kwa ajili ya mama?

Plombie_Katindo

Maji ya mvua kwa choo ndiyo, kwa kunywa hapana. Moshi wa Nyiragongo unafanya mvua kuwa na asidi, inakula manjanja na kuchukua vilivyo juu ya paa. Weka tanki dogo la pembeni na robine yake. Kwa paa la bafu tafuta manjanja mazito, manne ya mita 3, yaingie sentimita 20 chini ya yale ya nyumba.

Dushi ya umeme kwenye nyumba hii sikushauri. Chuma cha ardhi (cha kupeleka ardhini umeme unaovuja) hakishiki vizuri ndani ya makoro makavu, na bila ardhi nzuri na disjonkteri diferansieli (swichi inayokata umeme unapovuja) ya milimita-ampea 30, mtu aliyesimama kwenye maji ndiye anayekuwa njia ya umeme. Mama achemshiwe maji. Mtengenezee benchi la simenti ndani ya dushi, kimo cha sentimita 45, na chuma cha kushika ukutani. Kifungwe kwenye bloku zilizojazwa beto, kisifungwe kwenye mbao.

MasoniNdosho

Na mwambie masoni wako ajaze bloku hizo wakati wa kujenga, mstari wa nne na wa tano, upande wa choo na wa dushi. Asingoje ripu ikauke ndipo atafute pa kutoboa.