Darasa la kushona: wanafunzi 12, vyerehani 6, pasi moja. Siku naipangaje?

Nyuzi_Mbili
Habari zenu mafundi. Naomba msaada wa mpangilio. Darasa la jamii, bure, saa tatu asubuhi hadi saa sita. Wanafunzi 12, wengi hawajawahi kugusa cherehani. Vyerehani 6 vya umeme vya nyumbani, pasi moja, meza mbili. Mradi ni mfuko wa kubebea wenye mikanda miwili. Ikifika saa tano na nusu, nusu ya darasa hawajafika hata kwenye mikanda, na mwalimu kashinda akikata viota vya uzi chini ya kitambaa. Nibadilishe mradi? Na kitambaa cha mifuko 12 ni mita ngapi?

Mkasi_Butu
Mradi uache ulivyo. Kinachokula muda ni kukata, na foleni ya pasi. Mwanafunzi mpya hukata mfuko mmoja nusu saa nzima, na anaukata upogo, kisha mnamaliza asubuhi mkirekebisha upogo huo kwenye mshono. Njoo na vipande vimeshakatwa. Kukata ni somo zima la siku nyingine.

Vipimo: mwili sm 38 kwa 42, vipande viwili; mikanda sm 60 kwa 10, miwili. Kitambaa cha upana wa sm 150 kinaingiza miili mitatu kwa upana (sm 114) na mikanda mitatu iliyosimama pembeni (sm 30), sm 6 ni za kutupa kingo. Miili 24 ni safu 8, yaani sm 336, na kwenye urefu huo unapata mikanda 15. Ile 9 iliyobaki ilaze kwa upana, miwili miwili, sm 50 tena. Jumla sm 386, chukua mita 4. Kama unakifua kwanza, chukua 4 na nusu, pamba inarudi.

Kisha wakae wawili wawili kwa kila cherehani. Mmoja anashona, mwenzake yuko mezani anakunja na kubana pini, wanabadilishana kila dakika 15, awe amemaliza au hajamaliza. Jozi tatu zianze na mikanda, jozi tatu zianze na upindo wa juu, la sivyo wote 12 watakutana kwenye pasi saa tatu na nusu.

Mkanda: kunja katikati kwa urefu, piga pasi, fungua, lete kingo zote mbili kwenye mstari wa kati, kunja tena. Sm 10 zinakuwa 2.5. Anayesubiri pasi asikae bure: pamba inashika mkunjo hata ukiisugua kwa mgongo wa kijiko.

Bi_Sindano
Hivyo viota. Vinaonekana chini, kwa hiyo kila mtu anafungua bobini (kigurudumu cha uzi wa chini), lakini karibu kila mara kosa liko juu. Mwanafunzi ametunga uzi mguu wa kubana kitambaa ukiwa umeshushwa. Hapo visahani vya kukazia uzi vimefumba, uzi unapita juu yake badala ya katikati, haubanwi na chochote, na cherehani inauvuta chini kadiri inavyotaka.

Mguu juu, sindano juu kabisa, ndipo utunge. Baada ya kutunga, shusha mguu na uvute uzi taratibu karibu na sindano: lazima ugome, sindano ipinde kidogo. Ukiteleza tu, tunga upya kuanzia kwenye kibiringo cha uzi wa juu. Namba ya kukazia uzi isiguswe na mwanafunzi, maana akishaizungusha mtakuwa na makosa mawili badala ya moja.

Sababu ya pili ni ncha fupi. Ziachwe sm 10, ya juu na ya chini, zishikwe kwa nyuma kwa mishono mitatu minne ya mwanzo. Na asianzie ukingoni kabisa, meno yanayosogeza kitambaa yatameza kona. Aanze sm 1 ndani, arudi nyuma hadi ukingoni, ndipo aendelee.

Sindano namba 90/14, urefu wa mshono mm 2.5. Cherehani ikiruka mishono, angalia sindano kabla ya kitu kingine: imesukumwa hadi mwisho? Upande wake bapa umeelekea nyuma (kwa vyerehani vingi vya nyumbani)? Na dakika 10 za kwanza washone karatasi yenye mistari bila uzi, kwa sindano kuukuu, karatasi inazifanya butu.

Pindo_Nne
Kwenye karatasi natofautiana na Bi Sindano. Karatasi haisogei kama kitambaa, na ikipita tu unaona tobo, hujui mshono wa mtu ukoje. Chora mistari ya chaki kwenye mabaki na washone kwa uzi tangu mwanzo, kutunga si watajifunza tu? Macho yawe kwenye alama ya bamba (chuma bapa chini ya sindano), yasiwe kwenye sindano. Anayetazama sindano hupinda.

Anayevuta kitambaa kwa nyuma mzuie mapema. Sindano inapinda, inagonga bamba, inavunjika.

Umeme: pasi iwe na soketi yake ukutani. Inakula wati 1,000 hadi 2,400, na vyerehani vyote sita pamoja mara nyingi havifiki hapo. Ukiichomeka kwenye waya mmoja wa kuongeza na vyerehani, waya ukiwa bado umeviringishwa, utapata moto.

Nyuzi_Mbili
Asanteni sana wakuu. Swali moja: upindo wa juu tunaushona kabla ya kuunganisha pande? Na mikanda ndipo sindano zinavunjika zaidi.

Pindo_Nne
Kwa wanaoanza, ndiyo, upindo na mikanda kitambaa kikiwa bado bapa. Kuzungusha mdomo wa mfuko chini ya mguu ni kazi ya darasa la tatu. Hasara yake mshono wa pembeni unaonekana kwa ndani pale juu, upige zigizaga inatosha.

Upindo: sm 1, kisha sm 3. Mkanda ulale ndani ya upindo, katikati yake sm 10 kutoka kila ukingo wa kipande kabla ya kuunganisha, ncha imepigwa zigizaga, *isikunjwe*. Hapo kuna tabaka 7: nne za mkanda, tatu za upindo. Ukikunja ncha zinakuwa 11 na ndizo zinazokuvunjia sindano. Weka sindano nene zaidi, 100/16, shona mraba wenye msalaba ndani, na penye unene zungusha gurudumu kwa mkono. Hakikisha ncha zote mbili za mkanda mmoja ziko kwenye kipande kimoja, haujasokotwa. Kila darasa lina mmoja anayeunganisha mbele na nyuma.

Pande zote mbili zishonwe kutoka juu kwenda chini, sm 1, ili midomo ilingane. Kikizidi chini, kata, ndipo ufunge kitako.