Giza na nyota vilivyokusogeza kwa Mungu: tupeane uzoefu

Baba Swaumu: Wakuu, jana umeme ulikatika mtaa mzima tangu magharibi. Nikatoa kiti barazani, nikakumbuka usiku wa tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulipopatwa ukawa mwekundu zaidi ya saa nzima. Tulisali sala ya kupatwa kwa mwezi, visomo virefu mpaka miguu inawaka moto, na bado sikutaka imamu atoe salamu. Nani mwingine kakutana na Mola wake gizani? Tiririkeni.

Kiroboto: Nimeweka kambi hapa.

Mvuvi Mstaafu: Umenitonesha. Nimevua dagaa Ukerewe, Ziwa Victoria. Dagaa ni kazi ya usiku wa giza, mbalamwezi ikitoka tunalala nyumbani maana taa haivuti kitu. Siku hiyo radi zikaanzia upande wa Ukara. Wenye kulijua ziwa wanajua mvua yake nzito huja usiku. Wimbi moja likazima karabai zote, injini ikagoma. Mkono wako mwenyewe huuoni. Mmoja anakumba maji kwa dumu lililokatwa, mwingine anatapika. Nahodha, mtu wa matusi kuanzia asubuhi, akaanza kwa sauti ndogo: "Giza nalo halikufichi kitu, bali usiku huangaza kama mchana." Zaburi ya 139. Kumbe anaijua yote! Tukanyamaza. Sijawahi kumsikia Mungu karibu vile, ni kama alikuwa kakaa nasi kwenye mtumbwi. Karibu na alfajiri mawingu yakapasuka, nyota ya asubuhi ikaonekana, tukajua mashariki ni wapi, tukashika makasia.

Dada Mkweli: Nimesisimka mwili mzima.

Hoja Kwanza: Hiyo ni hofu mkuu, Mungu unamsingizia.

Mvuvi Mstaafu: Wewe umewahi kukaa ziwani bila taa?

Kiroboto: Dagaa mlipata lakini?

Ustadhi wa Pwani: Tahadharini, kutukuza nyota ni shirki, kumshirikisha Mungu.

Mama Wawili: Nani katukuza nyota? Soma Zaburi ya 19, mbingu zinauhubiri utukufu wa Mungu.

Baba Swaumu: Na Qurani, sura ya Al Imran aya ya 190, ustadhi. Usituharibie uzi.

Mpagazi: Kilimanjaro tunatoka kambi ya Kibo, mita 4,720, kwenda kileleni usiku wa manane. Wageni wanatazama viatu vyao, mimi natazama juu. Basi.

Bi Mtumwa: Nyie wanaume mnatoka nje mtakavyo. Kwetu mwanamke wa makamo akionekana uani saa nane usiku keshaitwa mchawi. Mimi hufungua dirisha la jikoni, nasali tahajudi, sala ya usiku, hapo hapo pembeni ya jiko la mkaa. Naona kipande cha anga kati ya mapaa mawili, nyota tatu nne hivi. Thuluthi ya mwisho ya usiku Mola anauliza nani ananiomba nimpe. Dirisha linatosha.

Dada Mkweli: Bi Mtumwa umemaliza.

Kijana wa Mbagala: Anayetaka kujaribu azime simu, apande juu ya paa.

Mama Wawili: Apande aanguke? Nenda kijijini, Dar taa zimemeza nyota.

Hoja Kwanza: Kaeni ndani ya chandarua, malaria haijui tahajudi.

Kiroboto: Mvuvi, dagaa bado unauza? Nataka gunia moja, nipo Dodoma.