Binti yangu kapata chuo cha kanisa Marekani na sisi ni Waislamu, naombeni ushauri

Baba Mwanaidi
Wakuu, salaam. Mimi mtu wa Tanga, niko Columbus, Ohio, mwaka wa kumi na nne huu, kazi yangu dereva wa lori. Binti yangu wa kwanza kamaliza sekondari, kapata vyuo viwili. Kimoja cha jimbo, hapa hapa karibu na nyumbani. Cha pili kiko kusini, ni katika vile vyuo vya kihistoria vya Weusi, wenyewe wanaviita HBCU. Roho yake iko huko kusini, na ndiko walikompa ufadhili mkubwa.

Sasa shida. Chuo ni cha kanisa la AME, Wamethodisti Weusi. Tulikwenda kukiona: kikao kikafunguliwa kwa sala ya mchungaji, kikafungwa kwa kwaya, na mwenyekiti wa bodi tukaambiwa ni askofu. Wakati wa kurudi mke wangu hakufungua mdomo, saa nane za barabara. Ukimya wake naujua.

Waliopita huko nisaidieni. Mtoto atalazimishwa kusali? Au kanisa limebaki jina tu? Nawasilisha.

Mkongwe wa Pugu
Mkuu, jina tu hapana. Usidanganywe.

Kabla ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, kwenye majimbo kadhaa ya kusini kumfundisha mtumwa kusoma lilikuwa kosa la kisheria. Vita vikaisha 1865, watu wako huru, wanataka shule, majengo hawana. Penye jengo la Weusi wenyewe, mara nyingi lilikuwa kanisa. Morehouse, alikosoma Martin Luther King, ilianza 1867 ndani ya kanisa la Wabaptisti la Springfield, mjini Augusta. Spelman ya wasichana ilianza 1881 kwenye chumba cha chini cha kanisa la Friendship, Atlanta, na wanafunzi 11.

Hao AME wako ndio wenye kisa kitamu zaidi, tena kiko mwendo wa kama saa moja tu kutoka hapo Columbus. Mwaka 1863, vita bado vinapigwa, Askofu Daniel Payne alikubali kuinunua Wilberforce kwa dola 10,000 na mfukoni hana kitu. Ndiyo ikawa chuo cha kwanza kumilikiwa na kuendeshwa na Wamarekani Weusi. Kwa hiyo askofu uliyemwona kwenye bodi hakualikwa kufungua kikao. Yeye ndiye mwenye nyumba.

Chuma cha Pua
Yaani unampeleka mtoto wa Kiislamu kwa askofu kwa sababu ya hela? Haya.

Baba Mwanaidi
Babu yake alisoma shule ya misheni, miaka ile kabla ya serikali kuzitaifisha. Kengele ikilia anaingia kanisani na wenzake, likizo anarudi madrasa. Kafa Mwislamu, na zaburi kadhaa alikuwa anazijua kwa moyo. Hela nayo ni hoja, sikatai.

Dada wa Kusini
Kaka, mimi nimesoma HBCU ya kanisa, jina naliacha. Kwetu ibada ya katikati ya wiki ilikuwa lazima na mahudhurio yanaandikwa. Nilikosa mara tatu, muhula uliofuata nikazuiwa kusajili masomo mpaka nikaandike insha ya kuomba radhi. Na mimi ni Mlutheri wa Moshi! Mwenzangu wa chumbani, Mwislamu wa Senegal, alikuwa anakaa nyuma kabisa na simu yake. Hakuna aliyemgusa.

Ila ile "ibada" isikutishe sana. Karibu nusu ya ibada hizo alikuwa anakuja kuzungumza hakimu, daktari, mgombea wa udiwani, mtu wa benki. Kura za uchaguzi wa jiji nilijifunzia pale. Na nilipofiwa na mama, akina mama wa kanisa la mtaani, wale wa kofia kubwa, walinichangia nauli ya kurudi nyumbani kabla ofisi ya wanafunzi haijajibu hata barua pepe.

Omba kitabu cha kanuni za wanafunzi. Soma neno "mahudhurio", usisome brosha. Na ulizia chakula! Ile sukuma wiki ya kusini kwa desturi inachemshwa na kipande cha nguruwe.

Mama Eliya
Vyuo vyenyewe havifanani, baba. Wangu yuko Oakwood, Huntsville, ya sisi Wasabato tangu 1896. Huko jua la Ijumaa likizama kila kitu kinasimama, ndiyo maana tulikitaka. Lakini Xavier ya New Orleans, HBCU pekee ya Kikatoliki, wanafunzi wengi si Wakatoliki. Wanaifuata kwa sababu inasifika kwa kupeleka Weusi kwenye vyuo vya udaktari.

Mhasibu
Mnajadili sala, mimi naogopa hesabu. Morris Brown ya Atlanta, nayo ya AME, ilinyang'anywa ithibati 2002, ikairudisha 2022. Bila ithibati mwanafunzi hapati msaada wa serikali kuu. Miaka yote ile kanisa lilikishikilia kisife, ila sadaka haiwezi kubeba chuo kizima. Kabla ya kumwuliza mchungaji chochote, angalia ithibati ya hicho chuo inaisha lini na kama kina onyo.

Mkongwe wa Pugu
Mhasibu kasema kweli. Nje ya mada kidogo: AME Zion, ndugu zao hao, wana chuo North Carolina kinaitwa Livingstone. Jina ni la yule yule David Livingstone wa Ujiji.

Baba Mwanaidi
Mrejesho. Ithibati iko sawa, haina onyo. Kitabu cha kanuni nimekisoma usiku kucha: ibada ni mara moja kwa wiki, inahesabiwa. Nimempigia kasisi wa chuo. Kasema mwenye dini nyingine aandike barua, atahesabiwa saa zake kwa kazi ya kujitolea mtaani. Ijumaa mchana binti hana kipindi, hilo nimeliangalia mwenyewe kwenye ratiba.

Mke wangu kasikiliza yote, kauliza swali moja: ile sukuma wiki. Nimepiga simu kantini. Ina nguruwe. Kesho anapiga yeye.