Kikundi cha Ukoo: Bunduki Bandia ya Baraka

Mama Baraka: Nimeiona picha aliyoituma Baraka asubuhi, na moyo ulinipasuka kabla sijasoma maelezo yake kwamba ile ni bunduki bandia. Kaka Hamisi, wewe uliyefanya kazi ya uwakili miaka yote, hebu tueleze iwapo mtoto huyu anaweza kununua kitu cha namna hiyo huko Uingereza bila kujitia matatani, maana mimi sioni tofauti yoyote kati yake na ile wanayobeba askari.

Baraka: Shikamooni wazazi wangu. Naomba nieleze kabla sijahukumiwa. Hiyo ni bunduki ya mchezo wa eyasofti, ambao wachezaji hurushiana vidonge vya plastiki vya milimita 6 katika uwanja uliotengwa, wakiwa wamevaa miwani ya kukinga macho. Haiwezi kufyatua risasi ya kweli. Muuzaji ameniambia kwamba kwa kuwa jina langu halimo katika daftari la wachezaji, anaweza kuniuzia ile ya rangi ya buluu tu. Nimefikiri niinunue hiyo, kisha niipake rangi nyeusi nyumbani.

Mjomba Hamisi: Marahaba, mwanangu. Mama yako ameipima bunduki hiyo kwa macho, na sheria ya huko nayo huanza kuipima kwa macho. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2006, ambayo vifungu vyake kuhusu bunduki bandia vilianza kutumika Oktoba 2007, haianzi kwa kuuliza kidonge kinaumiza kiasi gani. Inauliza kama mtu anayeitazama anaweza kuitofautisha na bunduki halisi ya kisasa. Asipoweza, basi kuitengeneza, kuiuza au kuiingiza nchini ni kosa. Kosa la nne ndilo linalokuhusu: kuigeuza bunduki bandia isiyofanana na ya kweli mpaka ifanane nayo. Kopo lako la rangi nyeusi, Baraka, ndilo lenye kesi, kuliko hata bunduki yenyewe.

Baraka: Lakini Mjomba, wachezaji wote niliowaona uwanjani wana bunduki nyeusi, na hakuna aliyekamatwa. Je, kuwa nayo tu nyumbani ni kosa?

Mjomba Hamisi: Swali zuri. Kuwa nayo nyumbani hakumo katika makosa niliyoyataja. Bunge liliamua kuziba mlango wa dukani na wa forodhani, halikuwaingilia wale waliokuwa nazo kabatini tangu zamani. Ama hao wachezaji uliowaona, wao wanalindwa na utetezi ulioandikwa ndani ya sheria. Mtu anayeuza, anayeingiza au anayebadilisha bunduki bandia hana hatia akithibitisha kwamba lengo lake lilikuwa jumba la makumbusho, tamthilia, filamu au maigizo ya matukio ya kihistoria. Kanuni za mwaka 2007 ziliongeza mchezo wa eyasofti, kwa sharti kwamba michezo hiyo iwe na bima ya kuwafidia watu wengine wakidhurika.

Zingatia neno «akithibitisha». Muuzaji ndiye anayebeba mzigo wa kuonyesha kwamba mteja wake ni mchezaji, na hapo ndipo lilipozaliwa daftari ulilotajiwa. Kwa kawaida huingizwa jina la mtu aliyecheza angalau mara 3 katika muda usiopungua siku 56 kwenye uwanja wenye bima. Masharti hayo ya mara 3 na siku 56 hayamo katika sheria ya Bunge. Ni utaratibu waliojiwekea wafanyabiashara ili wakiulizwa mahakamani wawe na jibu. Wengi huyachanganya mambo haya mawili na kudhani kwamba daftari hilo ni leseni ya serikali.

Mama Idi: Kaka, na mimi nina hofu yangu. Baraka anaishi nasi hapa, na Idi ana miaka 15. Tangu jana ananiomba nimruhusu Baraka amnunulie moja ya kwake, na anasema kwamba ikiwa na rangi ya buluu haina shida.

Mjomba Hamisi: Dada yangu, Idi amesema nusu ya ukweli. Kanuni zinataja rangi ambazo bunduki bandia ikiwa nazo kwa sehemu kubwa huhesabiwa kuwa haifanani na ya kweli: nyekundu, chungwa, manjano, kijani, waridi, zambarau na buluu, zote zikiwa za kung'aa, pamoja na zile zilizotengenezwa kwa plastiki inayopitisha mwanga. Hata hivyo, umri ni jambo jingine kabisa. Kumuuzia bunduki bandia ya rangi yoyote mtu aliye chini ya miaka 18 ni kosa, na kijana mwenyewe akinunua naye amekosa. Mzazi anaweza kumpa mwanawe kama zawadi, lakini mzazi huyo ajue kwamba atakayeulizwa kwanza ni yeye.

Tena rangi haisaidii chochote barabarani. Chini ya sheria ya silaha ya mwaka 1968, kama ilivyorekebishwa baadaye, kubeba bunduki bandia mahali pa umma bila sababu ya msingi ni kosa, iwe nyeusi, iwe buluu. Akimwelekezea mtu kwa nia ya kumtia hofu ya kudhuriwa, adhabu inaweza kufika miaka 10 gerezani.

Mama Baraka: Miaka 10 kwa mdoli!

Mjomba Hamisi: Anayeelekezewa mtutu hajui kwamba ni mdoli, na sheria inamlinda yeye. Sidhani kwamba wamezidisha.

Zainabu: Shikamoo Baba, shikamooni mashangazi. Nimesoma yote nikiwa kazini na siwezi kunyamaza. Hapa Kanada bado tunaikumbuka habari ya Marekani ya Novemba 2014, ya mtoto wa miaka 12 aliyepigwa risasi na polisi katika bustani ya umma mjini Cleveland akiwa na bunduki ya eyasofti. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1988 inataka bunduki za kuchezea ziuzwe zikiwa na alama ya rangi ya chungwa inayong'aa kwenye mdomo wa mtutu, lakini ile ya mtoto huyo ilikuwa imeondolewa alama yake. Gari la polisi lilisimama karibu naye, na ndani ya sekunde 2 alikuwa amepigwa risasi. Kesho yake akafariki. Shangazi, mwonyeshe Idi ujumbe huu.

Nami nikisema ukweli, hata alama hiyo ingekuwapo, sina imani nayo sana. Ni kipande kidogo mno kuonekana kwa mbali au gizani, na mhalifu naye anaweza kuipaka rangi ya chungwa bunduki ya kweli. Naona California ilifikiri vizuri zaidi ilipotaka, kuanzia mwaka 2016, sehemu kadhaa za bunduki ya eyasofti, kama vile kinga ya kifyatulio na mshikio, ziwe na rangi au alama za kung'aa.

Baraka: Dada Zainabu, nimekuelewa, na habari hiyo imenisikitisha sana. Lakini naomba uniambie: nitakapokuja kwako wakati wa likizo, naweza kuja nayo katika sanduku langu ili tucheze pamoja?

Zainabu: Usithubutu, ndugu yangu. Hapa bunduki bandia inayofanana kabisa au karibu kabisa na ya kweli ni kifaa kilichopigwa marufuku na Sheria ya Makosa ya Jinai, na watu wa forodha wataichukua palepale. Sasa sikiliza kichekesho. Bunduki ya eyasofti inayorusha kidonge kwa kasi inayozidi kama mita 111 kwa sekunde, bila kuvuka mita 152, huhesabiwa kuwa ni bunduki hasa, ila isiyohitaji leseni, na kwa hiyo haiitwi tena bandia na inaruhusiwa. Ile dhaifu zaidi, yenye sura ileile, ndiyo inayopigwa marufuku! Mpaka leo sijampata mtu wa kunieleza hekima ya jambo hilo.

Mjomba Hamisi: Hakuna hekima hapo, mwanangu. Ni fasili mbili zilizoandikwa kwa makusudi tofauti, zikagongana. Uingereza wameweka kikomo upande wa juu tu: tangu mwaka 2017, bunduki ya eyasofti isizidi jouli 1.3 (jouli ni kipimo cha nishati ya kidonge kinapotoka mtutuni) ikiwa inafyatua mfululizo, na jouli 2.5 ikiwa inafyatua kidonge kimojakimoja. Ikizidi hapo haiwi tena ya eyasofti machoni pa sheria, na mwenye nayo anaweza kukutwa na silaha inayohitaji kibali. Japani, ambako mchezo huu ulianzia, ni wakali zaidi, kwa kuwa tangu mwaka 2006 kikomo chao hakifiki hata jouli 1. Bastola bandia za chuma nazo zimetakiwa tangu mwaka 1971 ziwe nyeupe au za manjano, na mtutu uzibwe.

Mama Idi: Basi nimeamua. Idi hatapata bunduki yoyote humu ndani, ya buluu wala ya waridi. Baraka, wewe ni mtu mzima na sitakukataza kucheza, ila kopo la rangi lisiingie nyumbani kwangu.

Baraka: Nimekubali, Mama Mdogo. Nitakodi bunduki palepale uwanjani mpaka jina langu litakapoingia katika daftari, kisha nitanunua nyeusi kwa njia halali. Mjomba, nikishaipata, je, naruhusiwa kupanda nayo treni kwenda uwanjani?

Mjomba Hamisi: Safari ya kwenda kwenye mchezo inaweza kukubaliwa kuwa sababu ya msingi, ilimradi mwenendo wako ufanane nayo. Ifunge katika begi ambalo halionyeshi umbo lake, uondoe betri na vidonge, uende moja kwa moja na urudi moja kwa moja. Usiitoe kumwonyesha rafiki kituoni, hata akuombe vipi. Polisi wakikusimamisha, waambie kwa maneno kilichomo ndani ya begi, na usitie mkono wako humo.

Mama Baraka: Na cheti cha bima ya uwanja unitumie picha yake kabla ya mchezo wa kwanza.