Mwanamke kuwa guru wa diksha katika ISKCON

Swali: Ndugu zangu, mwaka 2019 baraza kuu la ISKCON, jumuiya ya Kihindu ya Hare Krishna, liliridhia wanawake wawe guru (mwalimu wa kiroho) na kutoa diksha, yaani kumpokea mwanafunzi rasmi, kumkabidhi shanga 108 za sala na kumpa jina jipya, lakini baadhi ya viongozi wa India wakapinga. Msingi wa pingamizi ni upi hasa?

Jibu: Wapingaji hushikilia kwamba maandiko humweka mwanamke chini ya ulinzi wa baba, mume au mwana, hivyo hawezi kubeba dhamana ya wanafunzi.

Jibu: Hoja hiyo, kwa heshima zote, inaisahau Bengal ya karne ya 16, ambako Jahnava Devi, mke wa Nityananda, mmoja wa waasisi wa mapokeo yanayofuatwa na ISKCON, alitoa diksha. Tena mwanamke, Malati Devi Dasi, aliingia katika baraza kuu hilo mwaka 1998. Vipi anayeamua mambo ya maguru akatazwe kuwa guru?

Jibu: Kukaa barazani na kutoa diksha ni mambo mawili tofauti, dada yangu.