Mrejesho: Polisi walitaka kufunga faili ya kifo cha mtoto bwenini

Niliuliza mzazi wa Kenya afanye nini polisi wakiandika "alijiua" kabla hata ya kuhoji wanafunzi. Asanteni, mambo yamesogea.

Kilichofungua njia ni barua kwa DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma) iliyotaja Ibara ya 157(4) ya Katiba ya 2010: DPP akimwagiza Inspekta Jenerali wa Polisi achunguze, lazima atii. Ambatisha nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo cha polisi), ripoti ya upasuaji wa maiti na orodha ya mashahidi ambao hawajaandikisha taarifa. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, la sivyo utaambiwa haikufika.

Mazishi yasubiri. Daktari wa familia ahudhurie upasuaji, sampuli za ini na tumbo zifungwe lakiri mbele yake. Kufukua kunahitaji amri ya mahakama, na sumu nyingine huwa zimeshaoza.

Sasa tunangoja hakimu achunguze chanzo cha kifo, kifungu cha 387 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai (Criminal Procedure Code).