Tupeane uzoefu: ukiwa stajieri (mwanafunzi wa mazoezi ya kazi) wa kusikiliza watu waliopatwa na mateso, uvumilivu uliupata wapi?

Mama wa Katindo: Mvua ya leo ilivyopiga bati nimekumbuka staji yangu ya 2023, hema ya kusikiliza pale Kanyaruchinya, kambi ya waliokimbia vita karibu na Goma. Mama mmoja alikaa mbele yangu kimya, akisokota ncha ya kitenge. Mimi mbiombio: "Pole mama, usilie, yatapita." Akainuka, akaenda zake. Msimamizi wangu akaokota vijiwe vya volkano pale chini, akanitilia mfukoni: kila ukitaka kusema, hamishia kimoja mfuko wa pili. Mama aliporudi nilihamisha kumi na kimoja. Ndipo akauliza, "Hii maji ni ya nani?" Nikamsogezea glasi. Tukaanzia hapo. Na ninyi je?

Dada wa Himbi: Hiyo "usilie"! Sote tumeisema.

Muuguzi Kadutu: Vijiwe sawa, ila tusiwapoteze wanafunzi. Aliyebakwa jana, ukingoja wiki mbili afunguke, masaa 72 ya kuanza PEP (dawa za kuzuia maambukizi ya VVU) yamepita. Virusi havisubiri.

Mama wa Katindo: Nani kasema asubiri? Habari ya dawa unampa palepale mlangoni. Dawa haidai asimulie kitu.

Muuguzi Kadutu: Basi ungeandika hivyo tangu mwanzo, dada yangu. Stajieri wanasoma hapa.

Birere Kwetu: Naombeni niseme langu, sijawahi kuliandika. Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipotutoa Goma, nilikuwa mji wa Sake, ndani ya kanisa lililojaa watu na magodoro. Mzee mmoja alinishika mkono akanisimulia ya mlipuko wa 2002: lava ilivyofunika sehemu ya kiwanja cha ndege, ilivyopita katikati ya mji hadi ziwani, naye akikimbia kurudi nyumbani. Akifika kwenye lango la nyumba yake, ananyamaza. Kesho anaanza upya. Mara saba nilisikiliza. Mara ya nane nilikuwa sijalala, nikamwambia: "Mzee, hiyo umeshaniambia." Akaachia mkono wangu. Hakunisemesha tena. Mtoto wake ndiye aliyeniambia baadaye kwamba nyuma ya lango lile alimkuta mkewe amefariki. Kila siku mzee alikuwa anajaribu kuingia.

Dada wa Himbi: Mungu wangu. Pole sana, kaka.

Muuguzi Kadutu: Nimesoma mara mbili. Ulimwona tena?

Birere Kwetu: Hapana. Barabara ilipofunguliwa kila mtu alirudi kivyake.

Papa Bagira: Vijana, kabla ya kujibu mtu hesabuni hadi kumi.

Dada wa Himbi: Papa, ukihesabu utasikia namba, hutamsikia yeye. Afadhali ulale vizuri, ule, ndipo uingie kazini.

Mgeni wa Katuba: Mimi naanza staji Jumatatu, huku Lubumbashi. Mama akija na mumewe, na mume ndiye anayejibu kila swali, mnafanyaje?

Papa Bagira: Mtume akanunue maji.

Mama wa Katindo: Usimtume, atajua. Tangu mwanzo waambie kila mmoja ana muda wake peke yake, na umwanzie baba.